Kabla ya Kusema Nyumba Inauzwa: Hotuba kwa Warithi wa Nyumba za Mawe za Shela

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu vijana, na nyinyi mtakaoyasoma haya mkiwa Mombasa, Malindi, Maskati au London kwa kuwa hamkuwahi kufika barazani hapa Shela, kisiwani Lamu: karibuni.

Tumekuja na jambo moja. Nyumba ya urithi haiuzwi na aliyeshika ufunguo. Huuzwa na wenye nyumba wote, kwa karatasi inayosomeka, baada ya kuta zake kuchunguzwa. Mambo hayo matatu ndiyo historia ya nyumba, na historia hiyo lazima iandikwe kabla dalali hajaitwa. Ikiandikwa baadaye, huandikwa mahakamani.

Hatukuja kuwakataza kuuza. Yupo anayeuza kwa sababu ya matibabu, yupo anayeuza kwa sababu paa limeanguka na hana la kulijengea. Hiyo ni haki yake. Tunachokataa ni kuuza gizani.

Tuanze na swali jepesi. Nyumba yenu ni ya nani?

Utasikia: "Ni ya babu." Babu amefariki lini? "Zamani." Urithi uligawanywa? Hapo watu huangaliana.

Tazameni tulivyofika hapa. Shela ilineemeka nusu ya kwanza ya karne ya 19. Vita vya Shela vilipiganwa ufukweni hapa yapata 1812, watu wa Lamu wakayashinda majeshi ya Mombasa na Pate. Msikiti wa Ijumaa, wenye mnara mnaouona kila siku, ulijengwa 1829. Nyumba kubwa za mawe ni za zama hizo, na wenyewe walikuwa wafanyabiashara na wenye mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Biashara ilipopungua, na utumwa ulipofutwa kisheria kwenye ukanda huu 1907, mali ile haikurudi. Watu wakahama. Nyumba ikabaki na shangazi mmoja wa kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga magharibi, na hisa zikaendelea kugawanyika vifo kwa vifo, bila mtu kuziandika. Kisha kuanzia miaka ya 1970 wageni wakaanza kutafuta magofu, na Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2001, gofu ambalo hakuna aliyelitaka likawa na bei. Bei ilipokuja, warithi wakakumbukana.

Sasa tuhesabu. Tuchukue mfano wa mzee aliyefariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Deni limelipwa, maziko yamegharamiwa, hakuna wasia. Mke ana thumni, yaani 1/8. Zinazobaki 7/8 zinagawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Mafungu ni saba. Kila binti anapata 1/8, kila mwana wa kiume 2/8. Nyumba imegawanyika kwa nane, hesabu safi, hata mtoto wa madrasa aifanya.

Lakini nyumba haikugawanywa. Wakasema tungoje. Wakangoja miaka, na mwana mmoja wa kiume akafariki, akaacha mama yake, mke, mtoto wa kiume na wa kike. Fungu lake la 2/8 nalo lina warithi wake: mke 1/8 ya fungu hilo, mama 1/6, na kinachobaki ni cha watoto wawili, mbili kwa moja. Ukitaka hesabu iingie bila kukatika, nyumba haiwezi tena kugawanywa kwa nane. Inagawanywa kwa 288.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Katika 288, yule mama mjane ana 36 za mumewe na 12 za mwanawe, jumla 48. Mwana aliyebaki ana 72. Kila binti ana 36, na mabinti watatu wana 108. Mke wa marehemu mdogo ana 9. Mwanawe wa kiume ana 34 na wa kike 17. Jumlisheni: 288. Nyumba ikiuzwa na ikabaki shilingi 7,200,000 baada ya gharama, kila sehemu ni shilingi 25,000. Mama anachukua 1,200,000. Mwana 1,800,000. Kila binti 900,000. Mkwe 225,000. Mjukuu wa kiume 850,000, wa kike 425,000.

Hicho ni kifo kimoja tu cha kuongezeka. Nyumba ya babu aliyefariki 1950 ina vifo vingapi ndani yake? Mnaona kwa nini hesabu ya kichwani haifai? Mnaona kwa nini mwana mwenye sehemu 72 hawezi kusimama akasema "nauza"? Ana robo. Robo tatu ni za watu wengine, na mmoja wao ni mjane mwenye sehemu 9 ambaye pengine ameshaolewa kwingine na hakuna anayemkumbuka. Yeye ndiye atakayefungua kesi. Na atashinda, kwa sababu haki ni yake.

Basi kazi ya kwanza ni shajara ya familia, yaani mti wa ukoo. Chukueni karatasi kubwa. Juu kabisa mwandikeni yule ambaye hati inamtaja. Chini yake wake zake wote, pamoja na aliyeachwa kwa talaka rejea, eda yake ikiwa haijaisha mume alipofariki. Watoto wote, waliokufa na walio hai. Kwa kila aliyekufa andikeni tarehe ya kifo, kwa sababu mpangilio wa vifo ndio unaoamua hesabu. Binti aliyemtangulia baba yake hana fungu la baba. Binti aliyefariki wiki moja baada ya baba analo, na linakwenda kwa warithi wake. Wiki moja inaweza kuhamisha mamilioni. Bibi anayekumbuka kuwa fulani alikufa mfunguo pili na fulani mfunguo nne, mkalieni hapo, mwandikeni, angali hai.

Kazi ya pili ni Kadhi. Kwa Katiba yetu ya Kenya, ibara ya 170, Mahakama ya Kadhi inasikiliza mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Pelekeni vyeti vya vifo, barua ya chifu inayowataja warithi, vitambulisho, na hiyo shajara. Mnachotaka ni vitu viwili: orodha ya warithi na mafungu yao, na hati ya usimamizi wa mirathi inayomtaja msimamizi. Tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Kisha hati hiyo inathibitishwa, kwa kawaida baada ya miezi 6. Kabla ya uthibitisho, msimamizi haruhusiwi kuuza nyumba wala ardhi. Wengi huanguka hapa hapa: wameshika hati ya usimamizi mkononi, wanadhani wamemaliza, wanapokea malipo ya awali mwezi wa pili. Mauzo hayo hayana miguu.

Na yatima? Wakiwepo watoto wadogo kati ya warithi, wasimamizi wawe wawili, asiwe mmoja. Fedha za mtoto ziwekwe kwenye akaunti yake. Zisiwekwe kwenye biashara ya ami kwa ahadi kwamba atarudishiwa akikua.

Jambo jingine la upande huu ni shufaa. Mrithi mmoja akitaka kumuuzia mgeni fungu lake peke yake, washirika wenzake wana haki ya kulitwaa fungu hilo kwa bei ileile. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, haki hii ni ya mshirika wala si ya jirani, na anayeitaka aitoe hima apatapo habari. Akinyamaza mpaka mnunuzi ameshaanza kutia chokaa, amechelewa. Masharti yake mengine muulizeni Kadhi, lakini waulizeni ndugu kwanza kabla ya kuuliza sokoni. Mara nyingi yuko binti aliyeko Maskati ambaye angeweza kuwanunua wenzake wote, na hakuna aliyempigia simu.

Tuje kwenye karatasi.

Nyumba za hapa zina karatasi za namna nyingi. Ziko hati za Kiarabu zilizoandikwa na makadhi. Ziko hati zilizotokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, ambayo ilimtaka kila mwenye kudai milki kwenye ukanda wa Pwani apeleke madai yake. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Ziko nyumba ambazo kuta ni za mtu na kiwanja ni cha mwingine, mwenye nyumba akilipa kodi ya ardhi kila mwaka. Na ziko ambazo hazina kitu ila risiti za ushuru wa kaunti na ushahidi wa majirani.

Hati ya Kadhi isomwe na anayeijua. Tarehe ni ya Hijra: hati ya 1318 ni ya 1900 hadi 1901. Mipaka imetajwa kwa majirani na pande: kibla, suheli (kusini), matlai (mashariki) na magharibi. Hapa kwetu kibla ni kaskazini. Vipimo ni kwa dhiraa, na dhiraa moja ni kama sentimita 46, kwa hiyo upana wa dhiraa 6 ni kama mita 2.75. Chukueni utepe, pimeni. Hati ikisema dhiraa 40 na nyinyi mna mita 15, kuna mita tatu na zaidi zimekwenda kwa mtu. Kisha wafuateni majirani waliotajwa: yule "fulani bin fulani" wa upande wa matlai, wajukuu wake ni kina nani leo? Waje wathibitishe mpaka mbele ya mashahidi, kabla mpima ardhi hajaletwa.

Nawauliza: wikio lenu ni la nani? Hapa Shela na Lamu chumba kinaweza kupita juu ya njia na kuegemea ukuta wa nyumba ya pili. Tuchukue nyumba inayouzwa ikiwa na wikio kama hilo. Mnunuzi analiona, analipenda, analipia. Siku ya kukarabati, mwenye ukuta wa pili anatokea na hati ya babu yake inayosema chumba kile kilitolewa kwa binti aliyeolewa nyumba ya pili, na hakikuuzwa kamwe. Nani amedanganya? Hakuna. Hakuna aliyesoma tu. Hali ni hiyohiyo kwa kisima cha pamoja, kwa birika linalopokea maji kutoka paa la jirani, na kwa njia ya nyuma ambayo wanawake wamepita tangu enzi. Yaandikeni yote, na mwenye haki atie sahihi.

Na kuna karatasi moja inayomaliza mazungumzo yote: wakfu. Mzee akiwa aliiweka nyumba wakfu kwa msikiti, au kwa kizazi chake, haiuzwi. Haiuzwi hata warithi wote wakikubaliana, hata bei ikiwa mara mbili. Ulizeni msikitini, ulizeni kwa Kadhi, ulizeni Tume ya Wakfu chini ya sheria ya 2022. Ulizeni mapema, kwa sababu mnunuzi atauliza, na mkijua baada ya kula malipo ya awali, fedha mtazitoa wapi?

Jambo la tatu ni kuta.

Nyumba ya mawe ya hapa ni matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Juu ya boriti kuna vipande vya matumbawe, juu yake chokaa iliyopondwa tabaka kwa tabaka. Dari hiyo ni nzito sana. Inabebwa na ncha za boriti zilizoingia ukutani, na ncha hizo ndizo zinazooza kwanza, mahali ambapo jicho halifiki.

Basi msiangalie katikati ya boriti. Chukueni msumari mrefu, mchome pale boriti inapoingia ukutani. Ukizama bila nguvu, imekwisha. Angalieni michirizi ya udongo ya mchwa. Angalieni dari iliyolegea katikati, nyufa zinazoanza kona ya mlango kwenda juu, na unga mweupe wa chumvi chini ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani.

Kosa linaloziua nyumba zetu ni saruji. Mrithi anataka nyumba ipendeze kabla ya kuuza. Analeta mifuko ya saruji, anapiga lipu ukuta mzima, anapaka rangi ya mafuta. Miezi michache nyumba inang'aa. Lakini ukuta wa matumbawe unavuta maji kutoka chini, na kwa chokaa maji hayo hutoka kama jasho. Saruji imeziba. Maji yanapanda juu zaidi, yanafika kwenye ncha za boriti. Lipu inapasuka na kubanduka mabamba mabamba, ikiondoka na nakshi iliyokuwa chini yake, na boriti inaoza ndani kwa ndani. Nyumba iliyostahimili karne mbili inaanza kukatika kwa ukarabati wa wiki mbili. Ndugu zangu, kama hamna fedha za kufanya sawa, msifanye kitu. Zibeni paa lisivuje, safisheni mifereji, fungueni madirisha. Gofu la chokaa lina bei nzuri kuliko nyumba iliyopigwa lipu ya saruji, kwa sababu mnunuzi anayejua atalipa mafundi kwanza kuibandua.

Mkiamua kukarabati, hesabu ni hii. Chumba cha urefu wa mita 6, boriti zikipangwa kila sentimita 30, kinataka korija moja, yaani boriti 20. Nunueni kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu, kwani mikoko haikatwi ovyo. Boriti iwe kavu, iliyonyooka, iliyoondolewa gome. Chokaa iliyochomwa vizuri na kuzimwa kwa maji ikae miezi, isitumiwe ikiwa bado ina moto. Udongo wa kujengea ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga usitoke ufukweni, una chumvi itakayotokea ukutani. Wala usitoke kwenye matuta yetu: matuta ya Shela ndiyo yanayohifadhi maji matamu yanayonywewa hapa na Lamu mjini. Anayeyachota kwa ajili ya kujenga anakausha kisima chake na cha jirani yake.

Sasa mnunuzi. Hapa nitapita haraka, wakili wenu atawaeleza zaidi, na viwango hubadilika.

Mnunuzi asiye raia hawezi kupata milki ya kudumu. Ibara ya 65 ya Katiba inampa upangaji usiozidi miaka 99, basi. Na hili ni la kuwafurahisha, kwa sababu linawakumbusha kuwa kuuza si njia pekee. Mnaweza kukodisha kwa miaka 20 au 30, mpangaji akakarabati kwa chokaa kwa masharti yaliyoandikwa, na nyumba ikarudi kwa wajukuu ikiwa nzima. Kwa maoni yetu, familia isiyo na dharura ya fedha ifikirie hili kwanza. Lakini mkataba wa namna hiyo utaje nani anakagua, kila baada ya muda gani, na nini kinamtoa mpangaji.

Mkataba wa kuuza uwe wa maandishi, wenye sahihi na mashahidi. Wa mdomo hausimami. Mume au mke wa anayeuza atoe ridhaa pale sheria inapotaka. Desturi ni asilimia 10 ya awali, salio ndani ya siku 90. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 vijijini, ni wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Lakini mauzo ya kugawa mali ya marehemu yakikamilika ndani ya miaka 2 tangu kifo yamesamehewa. Mnaona gharama ya kusema "tungoje"?

Mkishawishiwa kuandika bei ndogo kuliko mliyopatana ili ushuru upungue, kataeni. Ni kosa la jinai. Na mnunuzi akigeuka, mahakama itatambua ile iliyoandikwa tu.

Fedha zote zipite akaunti ya wakili, na kutoka hapo ziende moja kwa moja kwa kila mrithi kulingana na orodha ya Kadhi. Zisipite kwa kaka mkubwa hata akiwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Mnamlinda yeye pia.

Na mlango? Wapo wanaokuja kwa mashua kununua mlango wa nakshi peke yake, wakauacha ukuta na tundu. Mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa na sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa. Usiung'oe wala kuuhamisha bila idhini ya Makumbusho. Uandikeni kwenye mkataba kuwa unauzwa pamoja na nyumba na unabaki ulipo. Vilevile vitanda, masanduku na sinia za ukutani: viorodheshwe kipi kinakwenda na kipi kinabaki, kila kimoja na picha yake.

Mliokuja na hati za Kiarabu, tunaziona mmezishika mkononi, zingine zimekunjwa ndani ya mifuko ya plastiki. Zitoeni humo, zinatoa jasho. Msizilamineti, msizibandike utepe mahali zilipochanika, na msizihifadhi kwenye sanduku moja na mafuta ya taa. Zilazeni ndani ya bahasha ya karatasi, bila kuzikunja tena. Zipigeni picha pande zote mbili mchana, bila taa ya kamera, mtume nakala kwa warithi watatu walioko miji tofauti. Meza ya kuzisoma iko pale chini ya mkungu. Waanze wenye hati ambazo wino umeanza kufifia.